Jinsi Mwalimu Alivyoketi Katika Maonyesho ya Mataifa

Njooni, enyi mlio na viti na enyi mliokosa, kaeni mkao wa kusikia, kwani habari hii si ya kusikilizwa huku mtu anamenya viazi! Ni habari ya Mwalimu wa Kuchora, Bingwa wa Chaki, Mwenye Magoti Yaliyogoma, na siku aliyorudi katika Maonyesho Makuu ya Sanaa za Mataifa.

Mara ya kwanza aliingia humo akiwa mwanafunzi, kiuno chembamba na maneno mengi. Akachoka, akakalia kiti. Kumbe kiti chenyewe ndiyo sanaa. Akashikwa mkono, akatolewa nje mbele ya darasa zima, chumba cha mwisho hajakitia machoni. Akaja akawa mwalimu, na miaka yote aliyowasimulia watoto wa watu habari za maonyesho yale, akifika mlangoni pa chumba hicho hukohoa, akafuta ubao. Aibu ile ilimtafuna, tusifichane.

Sasa, mvi kichwani na binti yake ubavuni, alivivuka vyumba kama jemadari: akaupita mlima wa matairi, akaihimili video ya mtu aliyelala. Ndipo, hatua chache kabla ya chumba cha mwisho, magoti yakaasi. Na hapo, lahaula, palikuwa na benchi.

"Mama, usithubutu," binti akanong'ona. "Halina kamba wala kibao. Hayo ndiyo ya kuogopwa."

Mwalimu akamgeukia mlinzi wa ukumbi, bwana mzima mwenye redio kiunoni. "Ewe mlinda hazina za mataifa! Sema kweli, nami nitaipokea bila kutetereka: hili ni benchi, au ni sanaa?"

Mlinzi akalitazama, jasho likamtoka. "Mama yangu, nikwambie ukweli? Sijui. Juzi nimetupa maganda ya machungwa, kumbe yalikuja kwa ndege. Tangu hapo siegemei hata ukuta."

"Basi kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimeketi!" akanguruma Mwalimu, akajishusha taratibu. Benchi likalia kwii. Binti akafumba macho.

Mlinzi akaja kwa hatua nzito, akasimama mbele yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaketi.

"Sogea kidogo, mama. Miguu inaniwaka tangu asubuhi."

Basi na iandikwe, wajao wasome: Mwalimu aliketi, akapumzika, akainuka mwenyewe, akaingia chumba cha mwisho, akalia kwa furaha mbele ya picha ya kwanza aliyoikuta, wala hakuna aliyemtoa.