Tamthilia ya Ukutani

Jumatatu, 5 Mei

Televisheni imekufa. Nimeiua mwenyewe. Mtangazaji mwenzangu, tunayemwita Sauti Nzito, jana alitokea kwenye shindano la waimbaji chipukizi. Kaalikwa kuwa jaji! Kavaa miwani ya jua ndani ya nyumba! Kiatu kilinitoka mkononi bila ruhusa yangu.

Balaa ni kwamba riziki yangu yote iko kwenye kile kioo. Kila Ijumaa jioni nasoma redioni kipindi cha Wiki Imekwisha: habari zilizotikisa, nyimbo zilizopanda na zilizoporomoka, na yaliyojiri kwenye tamthilia ya saa mbili. Bosi wetu ni mama asiyecheka. Alishanionya, tangu siku ile niliyompongeza waziri kwa kuteuliwa wakati alikuwa amefukuzwa. Nikiboronga tena, kipindi kinakwenda kwa Sauti Nzito.

Nimekaa, nimewaza. Habari si tatizo, kinyozi wa hapa chini hununua magazeti yote na hana wateja wa kuyasoma. Nyimbo nazo si tatizo, duka la simu la ng'ambo ya barabara hupiga wimbo ule ule mmoja kutwa nzima, kwa hiyo huo ndio unaoongoza. Tamthilia ndiyo mtihani.

Halafu nikakumbuka. Televisheni ya majirani imeegemea ukuta wangu! Glasi moja, sikio moja, kazi imekwisha. Mimi nina akili sana nikitulia.

Jumanne, 6 Mei

Mafanikio! Saa mbili kamili nilikuwa nimepiga magoti kitandani, glasi ukutani, kalamu mdomoni. Muziki wa kufungulia tamthilia nimeusikia vizuri kabisa. Ukafifia, zikaanza sauti. Ukuta unazifunika kidogo, kama mtu anayeongea na mto usoni, lakini nimezoea kazi ngumu.

Lazima niseme waandishi wa tamthilia hii wamepata akili hatimaye. Mwezi mzima tumeteswa na dada wawili wanaogombania hoteli. Leo hata hawakutajwa! Wameingizwa watu wapya, mume na mke. Mume anafundisha udereva. Alikuwa anamwonyesha mwanafunzi namna ya kurudi nyuma, akalibomoa geti la mwenye chuo. Geti zima. Akafukuzwa palepale. Mke anamuuliza mpaka lini atamdanganya mama yake. Mume analia. Mtu mzima analia, na analia vizuri, bila kutia chumvi. Huyo mwigizaji apewe tuzo.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi nimekutana na jirani yangu kwenye ngazi. Mtu mpole, jengo zima tunamwita Mwalimu. Anafundisha nini sijawahi kuuliza, mimi si mtu wa kufuatilia maisha ya wenzangu. Alikuwa kafunga tai, kabeba faili. Nikamuuliza wanafunzi hawajambo. Akasema hawajambo, wanaendelea, akashuka haraka mpaka faili likamponyoka. Lilikuwa tupu. Walimu wa siku hizi!

Mama yake mzazi, anayeishi naye, akanisalimia mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniita mwanangu kama kawaida yake. Ndiye msikilizaji wangu mwaminifu kuliko wote. Ijumaa huifungulia redio mpaka mwisho, na kila anayepanda ngazi humnyamazisha kwa kidole. Aliniambia jioni huwa hayupo. Huteremka kwa dada yake kutazama tamthilia, maana televisheni ya kule ni kubwa. Nikamwambia wiki hii tamthilia imenoga. Akasema yeye haoni jipya, wale dada na hoteli yao wamemchosha. Nikacheka kimoyomoyo. Uzee! Watu wanasinzia mbele ya kioo.

Jioni, magoti, glasi. Mfundisha udereva kumbe kila asubuhi anafunga tai, anabeba faili, anakwenda kushinda maktaba mpaka saa ya kutoka kazini. Anasoma kitabu cha ufugaji wa nyuki. Mke anamwambia mama atasikia kwa watu. Anajibu bora afe kuliko mama ajue, kwa kuwa alimsomesha kwa kushona nguo za watu mpaka macho yakaharibika. Hapo nilishindwa kuandika. Nilijifuta machozi kwa foronya.

Alhamisi, 8 Mei

Sauti Nzito amekuja mezani kwangu na chai yake. Kaniuliza, kwa lile koo lake la pipa, kama nahitaji msaada na tamthilia, maana amesikia nyumbani kwangu hakuna televisheni. Nani kamwambia? Kinyozi! Nimejibu kwamba televisheni ipo na inapumzika. Kesho atanyamaza mwenyewe.

Nimeandika kurasa kwa kurasa juu ya lile geti. Habari za nchi nimezipa mistari michache. Nchi itakuwepo wiki ijayo.

Ijumaa, 9 Mei

Naandika nikiwa sakafuni.

Nilisoma vizuri kuliko siku zote. Geti, tai, faili tupu, nyuki, macho ya mama. Kwenye yale machozi nilishusha sauti, na fundi mitambo akaacha kutafuna. Nikamaliza kwa kuwauliza wasikilizaji: je, mama akijua, itakuwaje?

Simu zikaanza. Wa kwanza alisema tamthilia hiyo haijui. Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akataka kujua inarushwa kituo gani, ni nzuri kuliko ile ya hoteli. Sauti Nzito alisimama nyuma ya kioo cha studio akitabasamu na meno yote.

Nikasema moyoni, wivu. Nikatoka kifua mbele. Nikapita kwenye duka la simu, tamthilia imeshaanza, wamewasha skrini ya dirishani. Dada wawili. Hoteli. Dada mkubwa akamwaga mchuzi kwenye gauni la mdogo. Nikamuuliza muuzaji, mfundisha udereva yuko wapi? Akaniuliza mfundisha udereva gani. Nikamuuliza Jumanne ilikuwaje, Jumatano ilikuwaje. Hoteli, akasema. Hoteli, hoteli.

Hapo ndipo tai ikanijia. Halafu faili. Halafu jina lenyewe, Mwalimu.

Nilipanda ngazi nikiwa nimevua viatu. Mke wa Mwalimu alikuwa amekaa juu kabisa, simu mkononi, hapigi wala hapigiwi. Alinitazama tu. Ningetukanwa ningeshukuru. Nilisema habari za jioni! Mungu wangu, nilimwambia habari za jioni. Nikaingia ndani, nikafunga, nikakaa sakafuni mbali na ukuta. Nina aibu mpaka masikio yanawaka, na yaliyokosa ni hayo hayo masikio.

Jumamosi, 10 Mei

Sijatoka. Nilipanga kuhama. Nilipanga kufuga ndevu. Nilipanga kuumwa, ila hakuna wa kumwambia.

Mchana, mlango ukagongwa. Mama yake Mwalimu. Nilitaka kuingia chini ya kitanda, na nakiri nilifika nusu. Akagonga tena, akasema anajua nipo, anasikia nikigonga kichwa kwenye chaga.

Nikafungua. Hakufoka. Alikaa kwenye kiti changu kimoja, akashika magoti, akasema yeye ile tamthilia haikosi hata siku moja, na humo ndani hakuna mtu anayefundisha udereva. Nikatazama miguu yangu. Akasema mwanawe alikuwa jikoni anaosha vyombo wakati redio inasema. Alikausha mikono, akapanga sahani, akatoka. Hajarudi. Simu haipatikani.

Halafu akaniuliza, mwanangu, huyo mtu wako wa kwenye kipindi, mwisho wake ni nini? Nikasema sijui, mama. Akasema yeye anaujua. Mama wa yule mtu alishajua tangu siku ya kwanza. Mfundisha udereva hurudi nyumbani na vumbi la uwanja wa mazoezi mpaka kwenye nyusi. Mtu akirudi msafi kila siku, mama yake ataacha kuona? Macho yameharibika, hayajapofuka. Alinyamaza kwa sababu alimwona mwanawe anajikaza, hakutaka kumvunja.

Akasimama. Akasema mwanawe, popote alipo, Jumapili hataacha kusikiliza kipindi cha salamu, amekipenda tangu shule. Mimi ndiye mwenye mdomo, basi niutumie. Akaondoka bila kupiga mlango. Nimelia, safari hii bila foronya.

Jumapili, 11 Mei

Kipindi cha salamu ni cha nani? Cha Sauti Nzito.

Nilimfuata studio. Nikamweleza yote, ukuta, glasi, magoti. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema dakika mbili atanipa, kwa sharti moja: hewani nimtambulishe kama mwalimu wangu wa utangazaji. Nilimtambulisha. Akataka nirudie, eti fundi mitambo hakusikia. Nikarudia. Nchi nzima imesikia mara mbili.

Halafu nikasema kwamba tamthilia niliyoisimulia Ijumaa haipo kwenye televisheni yoyote, na sikuwa na haki ya kuisimulia. Nikasema nimeagizwa mwisho wake. Mama alijua siku zote, kwa sababu ya vumbi. Hana hasira. Chakula kimefunikwa mezani, na hatakila mtu mwingine. Sauti Nzito, sijui kilimpata nini, alinisukumia glasi yake ya maji, kisha akapiga wimbo wa taratibu bila kuongea juu yake. Hajawahi kufanya hivyo.

Jioni nilikuwa nimekaa katikati ya chumba, mikono mapajani. Nikasikia hatua kwenye ngazi. Mlango wa jirani. Kiti kikavutwa, kijiko kikagusa sahani. Nikaziba masikio. Nimeiosha ile glasi kwa maji ya moto na kuifungia kabatini. Ufunguo nimeutupa juu ya kabati. Naapa, sisikilizi tena cha mtu.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ya heshima. Nimemwamkia mama, ameitikia, ingawa mwanangu hakusema. Mwalimu nimempisha kwenye ngazi, hana tai, na aliniambia asante. Bosi amenipa wiki moja ya mwisho.

Jioni nilipatwa na kiu. Kiu ya kawaida. Glasi safi ilikuwa moja tu, ya kabatini, na ufunguo niliupata haraka kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nakunywa maji yangu, nimeegemea ukuta kwa uchovu, na majirani wakaanza kuongea. Sikuwafuata, wamenifuata.

Tena waliongea vizuri ajabu! Polepole, kwa sauti, kama watu wanaosoma tangazo. Mke alisema amesikia kwa watu wa ndani kwamba redio yetu inatafuta mkuu wa vipindi, na jina lililopita ni la huyu jirani yetu. Mama akasema haya, ila bosi anamsubiri aende mwenyewe kesho asubuhi na suti, aingie bila kugonga, aseme yuko tayari. Hapo kwenye suti alirudia mara mbili. Mwalimu alikuwa anakohoa, anakohoa mpaka akaangusha kitu. Maskini, ni zile siku mbili za kulala nje.

Mkuu wa vipindi! Nimenyoosha suti. Sauti Nzito nimeshampigia, nimemwambia kesho atoe vitu vyake mezani mapema ili tusisumbuane.