Marahaba ya Mkanda wa Njano

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Somo la tatu la karate. Mwili wote unauma isipokuwa masikio, na leo hata hayo yameumia. Mwalimu Sihaba katangaza kanuni mpya. Kuinamiana basi, baadhi ya wazazi hawapendi. Badala yake, mwenye mkanda mdogo atamwamkia mwenye mkanda mkubwa. Umri hauhesabiwi! Mimi: mkanda mweupe, miaka arobaini na mitatu, mke, watoto watatu, duka la vyombo hapa Dunda. Mikdad: mkanda wa njano, miaka ishirini na sita, anauza chaja za simu ng'ambo ya barabara. Nikasema shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Mwanangu!

Jumatano, 10 Septemba
Asubuhi, hata sijamaliza kufungua duka, Mikdad akapaza sauti toka ng'ambo: "Marahaba!" Wala sikuwa nimemwamkia. Wateja wawili wakanitazama.

Jioni nikaja na mpango. Mdomo uliojaa hauamkii. Nikaingia darasani na korosho za kukaanga, mashavu yote mawili. Mwalimu Sihaba akasema hakuna haraka, tutasubiri. Watu kumi na tisa wakasimama kwenye mstari wakinitazama nikitafuna. Korosho moja ikapita njia siyo. Aliyenipiga mgongoni mpaka ikatoka ni Mikdad. Nilipopata pumzi, neno la kwanza ilibidi liwe shikamoo.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimefikiri kwa utaratibu. Dawa ni moja: kupita mtihani wa mkanda wa njano, Jumapili ya tarehe 21. Wa njano kwa wa njano hawaamkiani. Nikishindwa, mtihani mwingine ni Januari. Miezi minne ya marahaba! Nimechora ratiba kwa rula, nimeibandika nyuma ya mlango wa stoo. Mateke mia kila siku.

Teke la kumi na mbili likaangusha mnara wa ndoo. Ndoo kumi zikabiringika hadi barabarani. Mikdad akaniokotea tisa. Ya kumi ilipitiwa na bodaboda. Baba mkwe, Mzee Bwanausi, ndiyo kwanza alikuwa anashusha mananasi yake kutoka Kiwangwa. Akacheka mpaka akaketi juu ya tenga. Kisha akauliza, hiyo karate mwisho wake miaka mingapi? Nikamwambia haina mwisho, baba. Mzaha wa wazee.

Jumamosi, 13 Septemba
Mpango wa pili. Nimempelekea Mikdad chupa ya chai mpya, ya maua, ili darasani aitikie kwa sauti ya chini. Akaipokea kwa mikono miwili na kunishukuru sana. Darasani akaitikia kwa sauti ya muadhini, akaongeza kwamba mwanawe huyu ana adabu, kamletea na chupa.

Jumatano, 17 Septemba
Mateke mia, siku saba mfululizo. Sijaruka hata moja. Ashatu, mke wangu, anasema natembea kama bata.

Leo Mikdad kavuka barabara bila kuitwa, kashika mto wa kochi. Akasema kosa langu naangalia mguu badala ya kuangalia ninapopiga. Akaushikilia ule mto hadi adhana ya magharibi. Sikupenda. Lakini teke la mwisho lilitoa mlio! Mlio wenyewe hasa!

Jumapili, 21 Septemba
Mtihani. Nikageuka kushoto, wenzangu wote kulia. Mwalimu akasema rudia. Nikarudia, nikapotea palepale. Rudia. Mara ya tatu sikuangalia miguu.

Nimepita!

Mwalimu Sihaba akasema hajapata kuona mwanafunzi mzito namna hii asiyekata tamaa. Nimeichukua kama pongezi. Mikdad alishangilia kuliko wote. Akanipa mkono, tukaitana majina tu. "Himid." "Mikdad." Basi. Tamu kuliko halua. Nyumbani nikamwahidi Ashatu kwamba, kwa niliyoyapata, mimi kamwe sitamdhalilisha mtu kwa salamu. Akasema amesikia.

Jumatatu, 22 Septemba
Mwanafunzi mpya darasani. Mkanda mweupe, miaka sitini na saba. Baba mkwe!

Nikamtazama Mwalimu. Akasema kanuni ni kanuni. Mzee Bwanausi akanikabili, akasema shikamoo. Ningeweza kuitikia polepole, yakaisha. Nikasema, "Sijasikia vizuri, mwanangu." Mikdad akaufunika uso kwa mikono.

Habari ilifika kwa Ashatu kabla yangu. Chakula cha jioni: nanasi. Zima, halijamenywa.

Tena kuna jambo. Mwalimu anasema mzee ana mguu wa chuma, miaka hamsini ya kulima si mchezo, na akiendelea hivi huenda akanipita. Nimwamkie mbele ya Mikdad? Hapana! Nimechora ratiba mpya. Mateke mia na hamsini kila siku. Na kila siku ya darasa, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, saa tisa alasiri, baba mkwe anaalikwa kwangu kula biriani. Sahani mbili. Mtu aliyeshiba hapigi teke.

Kilichobaki ni kumwomba Ashatu apike.