Kwaya Nzima, Mpaka Jumamosi

Leo nimeumbuka, jamani. Hapa nilipo nimejifungia ndani.

Mnajua mimi ni afisa afya huku Maretadu. Kwenye semina juzi tulifundishwa tusisubiri ripoti za zahanati tu. Tusikilize na maduka ya dawa, matangazo ya kanisani, hata magrupu ya WhatsApp, maana ugonjwa huanza kusemwa huko. Nikajiunga magrupu yote ya kata. (Hata la kwaya. Naimba kama ndama, lakini kazi ni kazi.)

Asubuhi mwenyekiti wa kwaya, Mama Paulina, kaandika: "Bwana asifiwe. Kwaya yote tumeharisha mpaka jumamosi. Ni sababu ya maji ya korongo. Poleni."

Mungu wangu! Kipindupindu! Na kwenye kwaya yumo Mzee Amsi, baba wa mchumba wangu! (Sikujiuliza mtu anajuaje kuharisha kwake kutaisha Jumamosi.)

Nikampigia bosi wilayani. "Bosi, mlipuko! Leteni gari na dripu!" Nikavaa gambuti, glavu na barakoa, ndoo ya klorini juu ya pikipiki, huyooo kanisani.

Nikawakuta nje wanakula makande.

"Msile! Wekeni sahani chini!"

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Amsi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umeenda chooni mara ngapi leo? Ni maji matupu au kuna damu?"

Kijiko kikamponyoka. Mbele ya sauti ya kwanza yote!

"Kijana, hayo ndiyo maswali ya kuniuliza mbele za watu?"

"Mama Paulina kaandika mmeharisha!"

Mama Paulina akashangaa. "Ndiyo. Tumeharisha safari ya Katesh. Korongo limejaa, gari halivuki. Chakula cha safari tukasema tukile hapa hapa."

"Mama, hiyo ni kuahirisha!"

"Si ndiyo nimeandika?"

Walicheka mpaka mtu wa besi akapaliwa na makande. Mzee Amsi hakucheka. Akajifuta mdomo taratibu.

"Na ile posa uliyosema unaleta mwezi huu," akasema, "nayo tuiharishe kwanza."

Nikakimbilia pembeni kumpigia bosi. Mtandao unakatakata.

"Bosi, rudisheni gari! Ni kuahirisha tu!"

"Nani anaharisha? Wewe? Pole sana! Usitoke hapo!"

Ikakata. Haipatikani tena.

Sasa gari la wagonjwa liko njiani, linanifuata mimi. Tafadhali, mkicheka, msicheke kwa sauti.