Ganda la Kumeta la Dramu za Ilembo

Jumatatu, 14 Oktoba 1996

Nimedharauliwa hadharani! Thadei, kiongozi wa bendi yetu ya hapa Ilembo, katangaza kwamba atakayepiga dramu kwenye harusi ya binti wa Mzee Ndaki, Jumamosi ya tarehe 26, ndiye atakayebaki nazo moja kwa moja. Miaka tisa nimekalia kile kigoda! Sasa nashindanishwa na Sixte, bwana Mrundi wa kambi ya Katumba aliyehamia juzi tu. Ana mikono, sikatai. Wanasema kwao mtu anazaliwa anapiga ngoma. Lakini harusi ni macho, siyo masikio.

Dramu zenyewe kuukuu. Ziliachwa na Wazungu wa mgodini zamani hizo, rangi yote imebanduka. Mimi Osward nitazivika ganda la kumetameta, kama zile za bendi za Dar nilizoziona kwenye kalenda ya kinyozi. Nikizing'arisha mimi, nani atathubutu kuninyang'anya? Nimemwambia Thadei nazipeleka nyumbani kuzifuta vumbi. Kakubali. Mjinga kweli yule.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimepanda mlimani, nimeokota ulanga nusu gunia. Mawe yanabanduka kama karatasi na yanawaka juani! Nimeyatwanga kwenye kinu cha mke wangu, Helena, akiwa kisimani. Mpango wangu ni huu: natandaza nailoni angavu ya mezani, napaka gundi, nanyunyiza ulanga, nafunika na nailoni nyingine, halafu nazungushia dramu. Kwa nini Wazungu waliona kazi hii ngumu?

Jioni Helena katwanga kisamvu. Kinu nilikuwa nimekifuta, ila nadhani siyo sana. Kisamvu kilimeta. Helena kauliza kama nimeamua kuwaua wanangu. Nikasema ni madini, yanajenga mwili. Akaniambia basi nianze kujijenga mimi, akanisogezea sufuria nzima. Nimelala njaa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Gundi ya dukani haitoshi hata kubandika bahasha. Akili ni nywele: nimepika uji mzito wa muhogo, nikaupaka. Dramu kubwa, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilipendeza ajabu! Kwa saa tatu. Nikatoka kidogo kwenda kujisifu kwa kinyozi, kurudi nakuta mbuzi wawili wa jirani yetu Nyanzala wanailamba kwa zamu.

Nyanzala kasema mbuzi wake wakifa atanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi. Nikamjibu wakinya mavi yanayometa, arudishe ulanga wangu. Hatusalimiani tena.

Jumapili, 20 Oktoba

Mjomba Malale kafika na baiskeli kutoka Ugalla, kabeba madonge ya nta ya kuuza sokoni. Ana mizinga arobaini porini, na leo kanisimulia habari zake mzinga kwa mzinga. Sikusikia hata neno. Macho yangu yalikuwa kwenye nta. Nta inanata! Mbuzi hali nta!

Mjomba kauliza nataka nta ya nini. Nikasema mishumaa ya jumuiya. Mungu anisamehe, na Jumapili yenyewe. Kanipa madonge manne na kunibariki.

Jumatatu, 21 Oktoba

Ushindi! Nimeyeyusha nta, nimepaka, nimenyunyiza, nimefunika. Iliyobaki nikaimimina ndani ya dramu kubwa kuziba nyufa, nikaisambaza vizuri kwa tambara. Tundu dogo la ubavuni, lile la kupumulia, nimeliacha wazi. Mimi fundi, siyo mbabaishaji.

Shida ni jua. Nta inalegea na ulanga unateremka. Kwa hiyo nimeitundika dramu kubwa kwa kamba kwenye mninga nyuma ya nyumba, imelala kwa ubavu, kivulini, juu ambako mbuzi wa Nyanzala watabaki kuitazama tu. Ndogo ziko uvunguni. Nimeitazama mpaka shingo ikauma. Nzuri!

Alhamisi, 24 Oktoba

Wadudu wachache wanaizunguka dramu. Hata wadudu wanajua kizuri. Helena kasema hao ni nyuki wanaotafuta nyumba, nimwite Mjomba sokoni. Nikamwambia yeye ashughulike na masufuria yake. Kanuna.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimetoka mazoezini nikakuta Helena na watoto wamejifungia ndani. Nyuki wameingia. Kundi zima! Dramu inanguruma yenyewe.

Mara Sixte huyo, kaja kuniamkia kwa adabu, maana mtu yule ana adabu mpaka inaudhi. Akatazama juu, akatega sikio, akasema kaka, hii dramu isipigwe kesho. Wivu mtupu! Nikamwambia ni upepo. Akasema haya kaka, akaniachia salamu za mama watoto, akaenda zake.

Nimengoja jua lizame wote waingie, nikapanda na kuziba tundu kwa tambara. Nyuki aliye ndani hamuumi aliye nje. Na mngurumo utaongeza besi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Naandika kwa jicho moja. Lingine halifunguki.

Mwanzo ulikuwa mtamu jamani! Dramu ziliwaka mpaka watu wakaacha pilau. Mzee Ndaki mwenyewe kazigusa, kasema hajaona kitu kama hiki tangu aingie Mpanda na ng'ombe wake. Thadei kanishika mkono, kaninong'oneza kwamba kigoda ni changu. Laiti ningeishia pale pale, nikasingizia tumbo, nikaenda nyumbani!

Wimbo wa kwanza nilikanyaga polepole. Wa pili, bibi harusi anaingia, Thadei ananikonyeza niongeze nguvu. Nikaongeza. Tambara likachomoka.

Mungu wangu! Mzee Ndaki kapita katikati ya uzio wake mwenyewe, na ng'ombe wakamfuata. Bibi harusi kaingia kwenye kabati alilozawadiwa na shangazi zake, kajifungia. Mshereheshaji alikuwa chini ya meza na kipaza sauti, anawaomba wageni waendelee kuketi.

Sixte peke yake hakukimbia. Kachukua kijinga cha moto jikoni, kakiwekea majani mabichi, kafukiza mpaka nyuki wakatulia. Kisha akageuza pipa tupu la maji, akalipiga kwa viganja mpaka watu wakarudi mmoja mmoja, mpaka bibi harusi akatoka kabatini anacheza. Mguu wangu nao ukaanza kutikisika, msaliti ule. Sijawahi kupiga vile hata siku moja. Hilo limeniuma kuliko nyuki wote.

Jumapili, 27 Oktoba

Thadei kaja asubuhi. Dramu ni za Sixte. Mimi nitabeba spika. Kataka na dramu kubwa irudi leo leo, lakini Mjomba Malale kamkatalia: nyuki wamerudi ndani, na mzinga ulioingia nyuki haufunguliwi mpaka siku ya kurina asali, hiyo ni mila, asiyeijua akaulize Ugalla. Kwa hiyo Sixte anapiga pipa. Wanasema ni bora zaidi.

Halafu Mjomba kacheka mpaka akakaa chini. Kasema kupaka nta ndani, kuacha tundu dogo, kulaza mtini kivulini, ndivyo babu yake alivyomfundisha kuita nyuki, na ndivyo alivyonieleza Jumapili ile saa nzima. Nikaenda nyuma ya choo, nikalia kidogo. Miaka tisa!

Helena kanifuata, kanikanda uso kwa maji ya chumvi. Wakati ananikanda nikapata utulivu wa kufikiri, na nimegundua kosa. Nta haina kosa. Ulanga hauna kosa. Kosa ni mninga! Mti wa porini, lazima uite nyuki.

Spika la waimbaji liko kwangu, si mimi mbebaji sasa? Nimelivika ganda lote mchana huu, nta mara mbili, nje na ndani. Thadei akiliona atanirudishia kigoda kwa machozi. Na safari hii sikulitundika mtini. Nimelitundika chini ya paa la Thadei mwenyewe, kivulini, juu ya dirisha la chumba anacholala, alikute akitoka ibada ya jioni. Nimeacha tundu moja tu, la waya.