Makala Tisa za Mchwa Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Habari njema! Serikali inateua vyuo vichache vya kupewa ruzuku nono ya utafiti. Kamati ya wizara inakuja Alhamisi. Mkuu wa kitivo kasema kila mhadhiri aonyeshe alichochapisha, na asiye na kitu atapokonywa maabara. Mimi nina makala moja, ya mchwa. Mama Fukusi wa ofisi ya pili naye ana moja tu: miaka sita anachunguza fukusi wanaotoboa mahindi ghalani. Maskini! Mimi miaka sita ya nini? Nina mkasi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkatakata mchwa. Kichwa, makala. Kifua, makala. Tumbo, makala. Miguu sita, makala sita. Tisa! Jarida nimeanzisha mwenyewe. Mhariri ni shemeji, fundi cherehani. Kazipitisha zote kabla ya chai. Mke wangu kasoma mbili, akauliza mbona mguu wa tatu ni mrefu kuliko mchwa mzima. Nikamwambia aiachie sayansi.

Alhamisi, 6 Machi
Mwenyekiti wa kamati kazisoma. Zote! Nani husoma? Akauliza kwa nini makala ya nne inasema mchwa hupenda unyevu, na ya saba inasema huukimbia. Nikajibu kwamba miguu ya kushoto na ya kulia haielewani. Mjumbe mmoja akajificha nyuma ya faili, mabega yakitikisika. Wakahamia kwa Mama Fukusi. Saa tatu nzima! Wakatoka na fukusi mikononi, wakicheka kama watoto.

Jumatatu, 10 Machi
Tumeteuliwa! Kwa ajili ya fukusi. Maabara yangu inajazwa magunia. Mkuu alitaka niondoke kabisa. Mama Fukusi akamwambia hapana, huyu ana jicho zuri la kuchunguza wadudu, nipeni mimi. Machozi yalinilengalenga. Vumbi la mahindi, bila shaka. Ni wazi hawezi bila mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Mama Fukusi kasema matokeo yetu yatachukua miaka minne, tusiharakishe. Nimeitikia kwa adabu. Lakini nimesikia ukaguzi ujao utahesabu ni mara ngapi wengine wamekutaja katika makala zao. Nimekwenda moja kwa moja jikoni kwa wapishi wa chuo. Wako kumi na wawili, wote wamekubali kuandika. Mpishi mkuu kauliza waandike kuhusu nini. Nikamwambia chochote, hata vitunguu, mradi jina langu lisikosewe.