Kochi Letu Mmeliuza Bila Kutuuliza

Kwa Meneja,
Duka Kubwa la Samani,
Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa.

Kuhusu: Kuuzwa kwa kochi letu la Jumapili, pamoja na kile kibao cha nia

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa mahali pazuri. Nasema hivyo bila kijembe. Mtu mwenye duka lililojaa viti hana sababu ya kusimama.

Mimi ni mteja wenu wa miaka sita. Sijanunua kitu bado, na hilo neno "bado" naomba ulizingatie, maana ndilo linalobeba barua hii. Kwa kazi ni fundi viatu. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la benki, na wiki nzima nakaa kwenye kigoda kifupi kiasi kwamba wateja wangu nawatambua kwa soksi. Mke wangu anafanya usafi katika ofisi za jengo hilohilo. Kutwa anafuta viti vya ngozi vya wakubwa, anavizungusha kuona kama vumbi limebaki nyuma, na hajawahi kukalia hata kimoja, kwa sababu kamera ziko juu na kazi hazipatikani. Tuna watoto watatu na chumba kimoja chenye kitanda, godoro la watoto na ndoo. Mgeni akija, mmoja wetu anatoka nje.

Nilipomuoa nilimwahidi raha za mjini. Sikujua kwamba raha za mjini zina lango, na langoni kuna mtu mwenye kitabu cha risiti. Bustani ina kiingilio. Hotelini ukiagiza maji wanakuuliza ya baridi au ya kawaida, na yote yana bei ya soli mpya. Benki ina kiyoyozi kizuri, ila wanakupa namba, na namba ikiitwa lazima uwe na shida. Hospitali ina mabenchi ya kutosha, lakini watoto walianza kukohoa kwa kuiga wenzao. Ndipo siku moja, tukikimbia mvua, tukaingia dukani kwenu.

Huenda hujui tunavyoishi hapo kwenu, kwani Jumapili wewe unapumzika. Tukishaoga na kuvaa, tunafika mchana na kuanzia kwenye lile kochi refu la rangi ya chai ya maziwa, linalotazamana na televisheni kubwa. Ni la watu watatu, ila sisi watano tunaenea. Televisheni yenyewe haina sauti, kwa hiyo binti yetu mkubwa anawasemea watu wa ndani, na mpaka leo sijaona mchezo wa kuigiza ulionichekesha kama wa kwake. Kisha tunahamia kwenye meza ya kioo ya watu wanane. Mke wangu anafungua bakuli: mayai ya kuchemsha, viazi, mkate, na chai ya kwenye chupa. Hatujawahi kumwaga hata tone, na maganda ya mayai tunaondoka nayo. Baada ya chakula mimi najinyoosha kidogo sehemu ya vitanda, nikiwa na soksi safi, na jioni tunamalizia chini ya mwavuli wa bustani tukiwatazama wanunuzi wakipita na haraka zao. Tunarudi nyumbani tumeshiba, tumecheka, na miguu ya mke wangu imepumzika. Hiyo ndiyo raha yetu ya mjini, na hatujamdhulumu mtu.

Sasa malalamiko.

1. Tofaa. Matunda yaliyo kwenye bakuli juu ya meza ya kioo ni ya plastiki, na hamjaandika hivyo popote. Kitinda mimba wetu aling'ata tofaa moja kwa imani kamili. Alama za meno mtakazoziona ni zake, sikatai, lakini jino lililobaki humo ndani ni letu na tunaliomba. Duka linalojiheshimu haliweki chakula cha uongo mbele ya mtoto.

2. Kazi yetu haijatambuliwa. Kochi likiwa tupu ni mbao na sponji. Likikaliwa na familia, ni nyumba. Bibi mmoja mwenye miwani ya jua alisimama akatutazama kwa muda, akamwambia mumewe kwamba maisha anayoyataka ndiyo yale, na hawakutoka bila kununua kochi mfano wa letu. Sidai kamisheni. Hata asante sidai. Ila shukrani ya punda ni mateke, na mateke yenyewe yanafuata katika namba tatu.

3. Kibao. Mwezi uliopita mmebandika maneno haya: VITI HIVI NI KWA WATEJA WENYE NIA TU. Ndugu Meneja, kwa nia hakuna wa kunishinda. Wahenga walisema penye nia pana njia. Hawakusema penye nia pana pesa. Lile kochi nimelitaka miaka sita. Najua lilipobonyea, najua springi gani inalalamika na inamlalamikia nani. Sasa mfikirie yule bwana aliyenunua kitanda kikubwa huku anaongea na simu. Hakukilalia, hakukigusa, na alipokwisha kulipa ndipo akauliza ni cha rangi gani. Yule ana nia? Yule ana pesa tu, nayo ndiyo inayomtembeza. Kibao kingefuatwa kwa haki angetolewa yeye, na sisi tungeletewa mito.

4. Mlinzi. Jumapili ya kwanza ya hicho kibao tulizuiwa mlangoni, tumependeza, bakuli mkononi. Kijana wenu aliniuliza kwa adabu kama nina nia. Nikamjibu ninayo, tena ya siku nyingi. Akasema, "Mzee wangu, hapa nia iko mfukoni. Tuoneshe." Nikajipapasa, Mungu anisamehe, kana kwamba naweza kuikuta. Watoto walikuwa wanaitazama mikono yangu. Hapo mke wangu akalichukua bakuli, akasema taratibu bila kumwangalia mtu, "Twende, baba watoto. Viti mimi nimeshazoea kuvifuta."

Iliniuma, Ndugu Meneja, na bado inaniuma. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari za duka lenu. Jumapili iliyofuata watoto walikaa kwenye godoro wakiutazama ukuta, wamejipanga vilevile wanavyojipanga kwenye kochi, na nafasi ya mama yao wameiacha wazi. Mama yao alikuwa amesimama, anafua.

5. Kuuzwa kwa kochi. Hapa ndipo penyewe. Jumapili iliyopita nilikuja peke yangu, nikapita nyuma ya watu waliobeba kabati ili nisihojiwe tena habari za nia. Mahali pa kochi nilikuta alama nne za miguu yake kwenye zulia. Nilisimama pale kama mfiwa. Binti muuzaji alinionea huruma, akanieleza kwamba limelipiwa na mama mmoja aliyekuja asubuhi ya siku ya kazi, na kwamba liko stoo likisubiri gari. Hakukaa kulijaribu. Aliambiwa kuna jipya la aina hiyohiyo, bado liko kwenye nailoni, akalikataa, alitaka lilelile. Alichofanya ni kuufuta mkono wa kochi kwa ncha ya mtandio wake, akalipa, akaondoka mbiombio kama mtu anayechelewa kazini.

Kulifuta! Kana kwamba sisi tulilichafua. Mwanamke wa namna hiyo simjui na sitaki kumjua. Ni wale ambao pesa zinawawasha, wakiona watu wanapenda kitu basi hawalali mpaka wamekipeleka kwao. Mume wake namhurumia kwa dhati. Mwanaume anayeletewa kochi nyumbani bila kuulizwa hana sauti, na nina hakika hata huko kazini kwake anakaa chini.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kochi lirudishwe mahali pake, mnunuzi arudishiwe chake, na aelekezwe kwenye lile jekundu ambalo halina mwenyewe. Kibao kiondolewe. Televisheni ipewe sauti, ingawa hili binti yangu analipinga vikali. Familia yetu ipewe kitambulisho cha Mteja Mwenye Nia, chenye picha, ili mlinzi akikiona anyamaze. Na mwisho, ombi nililolifikiria sana nikiwa kwenye kigoda: Jumapili msiuze. Wanunuzi wanatupita mbele ya televisheni, wanapimapima meza tukiwa tunakula, na si mara moja nimeamshwa kitandani na mtu anayetaka kujua bei. Wenye pesa wana wiki nzima ya kuja. Waachieni wenye nia siku moja.

Nasubiri jibu lako, na sitachoka kusubiri kwa kuwa nimezoea. Wasalimie wasaidizi wako wote, binti muuzaji, dereva wa gari la mizigo, na yule mlinzi pia. Ana kazi yake, naelewa, na visigino vya viatu vyake vimekwisha upande mmoja. Mwambie apite kwangu nimtengenezee. Kitinda mimba anawasalimu na anaulizia jino.

Wako mwenye nia,
Fundi viatu wa chini ya ngazi

Nyongeza. Barua hii imelala kwenye sanduku langu la gundi kwa kukosa mtu wa kuileta, na huku nyuma mambo yamegeuka. Jumamosi gari lenu lilisimama nje ya nyumba tunayopanga. Mke wangu alikuwa ametangulia mbele, mtandio kaufunga kiunoni, anawaelekeza wabebaji. Zamu yake ya upatu, ule wa kuchangiana na wenzake wa kazini, ilikuwa imefika. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akasema ningeanza kulizungumza na lisingenunuliwa. Yale niliyoandika kuhusu mume wa yule mama naomba uyafute.

Mlangoni kwetu halikupita. Tulilisimamisha, tukalilaza ubavu, tukang'oa mpaka mlango. Nia ilikuwepo, njia ndiyo haikuwepo. Limebaki kwenye korido, katikati ya vyumba vya wapangaji wote. Jioni ile mke wangu alikaa, akavua viatu, akanyoosha miguu, akafumba macho. Niliona pale mahali pake palipobonyea pakimpokea, nikatoka nje kidogo, kwa sababu mwanaume mzima hawezi kulia kwenye korido watu wakipita na ndoo.

Tatizo likawa Jumapili. Nilikwenda kununua mkate, kurudi nikakuta kochi limejaa. Yuko dereva wa chumba cha pili na mkewe, yuko msusi wa chumba cha mwisho, yuko mwanafunzi amelala na viatu vyake vyenye matope. Wamekuja na mayai ya kuchemsha, na maganda wanayaacha. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutubishia hodi. Nilimuuliza msusi kwa adabu amekuja na nia gani. Akanijibu kwamba kochi bila watu ni mbao na sponji, nimshukuru. Binti yangu akaanza kuwasemea watu wa kwenye kalenda ya ukutani, wote wakacheka, mke wangu akacheka kuliko wote akiwa amebanwa katikati, na mimi nimesimama na mkate wangu.

Kwa hiyo malalamiko yote ya hapo juu nayaondoa, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, isipokuwa jino. Kile kibao msikiondoe, kina busara kuliko nilivyodhani, na kama kuna kingine stoo naomba mniuzie. Ukuta wa kukipigilia nimeshaupata. Nitakuja Jumatatu na wenye pesa wenzangu. Mwambie mlinzi asinisumbue mlangoni. Nia ninayo, na safari hii iko mfukoni.