Moshi wa Saa Kumi na Mbili

Jumapili, 7 Julai

Gramu tisa tu! Bosi wetu, Profesa Ahvenainen, amepiga simu asubuhi. Kamati inakuja Jumamosi kuamua kama mnara wangu utabaki au utang'olewa. Sharti ni moja: msitu wangu uonyeshe kwamba tangu Januari umemeza kaboni nyingi kuliko uliyoitoa. Ukishindwa, vifaa vyote vinavushwa ziwa kwenda kwenye kinamasi cha Tellervo.

Tellervo! Anasimamia mnara wa msitu mkongwe ng'ambo ya ziwa, na bado hajatosheka: anataka na kinamasi chake kipimwe. Misonobari yake ina miaka mia moja na thelathini. Yangu ina kumi na miwili. Niliipanda mwenyewe wakati eneo lote lilikuwa visiki vitupu, na mgongo wangu haujanisamehe mpaka leo. Visiki vinaoza na kutoa kaboni, miti michanga inaivuta. Mtambo ulio juu ya mnara unapima kila nusu saa nani anashinda. Mstari wa jumla ukishuka chini ya sifuri, miti imeshinda. Zimebaki gramu tisa kwa kila mita ya mraba, na miti mwezi huu inakula kama askari waliorudi likizo.

Nitashinda, sina wasiwasi. Nimewasha sauna, chumba changu cha kuogea mvuke, kujipongeza mapema. Kuni za mbetula, mvuke mpaka masikio yakawaka.

Jumatatu, 8 Julai

Gramu nane. Nane! Jana mchana kutwa mstari ulishuka vizuri kabisa. Saa kumi na mbili jioni ukaruka juu kama umechomwa sindano, ukakaa huko mpaka saa tatu. Nimeangalia na juzi: vilevile. Kuna mtu anaulisha msitu wangu kaboni!

Kwanza nimeshuku pumzi. Watu wanapumua ovyo siku hizi. Vijana wanaofyeka vichaka hupumzika chini ya mnara, nikawaambia wahame. Mmoja akauliza, "Sasa mzee Urpo, tukapumulie wapi?" Nikamwambia kwa Tellervo. Wamecheka mpaka wamekaa chini. Watu wasiojali sayansi.

Halafu nikapanda ngazi mwenyewe kukagua mtambo, pumzi nimeibana. Nilifika ngazi ya tisa. Kwenye ya kumi niliona nyota mchana. Nikavuta pumzi kubwa kuokoa maisha, nikameza mbu kama kumi hivi. Nimeshuka kwa heshima, isipokuwa zile ngazi tatu za mwisho.

Jioni sauna. Kiuno kinauma.

Jumanne, 9 Julai

Ndani ya mvuke jana nilipata jibu. Upepo wa jioni unatoka ziwani. Ng'ambo ya ziwa yuko nani? Hasa!

Nimemwonea huruma Tellervo kwa nusu dakika. Mwanamke msomi, anakaribia kustaafu, kumbe anachoma takataka ili kumwangusha mwenzake. Kesho namfumania.

Gramu saba na nusu. Jioni mstari umeruka tena. Sauna ilinituliza.

Jumatano, 10 Julai

Upelelezi. Nimeingia ziwani kwa mashua, darubini shingoni, ndoano ya samaki mkononi ili nisishukiwe. Injini ikazimika katikati. Nilipiga makasia upande mmoja, maana kasia la pili liko nyumbani linashikilia mlango wa banda la kuni. Nikazunguka palepale kwa saa nzima. Mwishowe Tellervo akaja na mashua yake akanivuta kwa kamba, akaniuliza nimevua nini. Nikasema samaki hawali. Akasema labda wangekula kama ningeweka chambo.

Amenipeleka kwake, akanipa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Mkate mzuri, sikatai. Nimekagua kila kona: hakuna jivu, hakuna pipa la moto. Na sauna yake, nashika kalamu kwa aibu, ni ya umeme! Anabonyeza kitufe kama anapasha uji. Mtu wa namna hiyo anaweza kufanya lolote.

Nimerudi saa kumi na mbili. Nimewasha sauna mara moja kuondoa fedheha.

Alhamisi, 11 Julai

Leo nimemwita Profesa na Tellervo kwenye kibanda cha mnara, nimwumbue mtu mbele ya bosi. Nimeandaa grafu ya rangi. Nimeeleza kama wakili: kila jioni, saa kumi na mbili hadi saa tatu, upepo ukitoka ziwani, kaboni inamiminika. Nimesema nimechunguza kila chanzo cha moshi: magari, mashua, majiko, mioto ya wachuma matunda. Kisha nikamkazia macho Tellervo.

Profesa akauliza kwa upole kuna nini kati ya ziwa na mnara.

Nikasema hakuna kitu. Mibetula. Rundo la kuni. Sauna yangu.

Profesa akageuka kutazama upande wa ziwa.

Tellervo akasema, "We Urpo, unaiwasha saa ngapi?"

Nikajibu saa kumi na mbili, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Tena nikaongeza kwamba sauna si moto, sauna ni sauna. Profesa akavua miwani akaifuta muda mrefu. Tellervo alikuwa anatetemeka mabega, akasema ni mafua.

Nimekasirika. Miaka yote hii ya utafiti, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunitahadharisha!

Ijumaa, 12 Julai

Sikuwasha. Nimeoga kwa ndoo. Nimekaa kwenye sauna baridi nimejifunga taulo, nikitazama mawe. Nilitaka kulia.

Lakini mstari haukuruka! Siku moja bila moshi imefuta gramu nne, zimebaki mbili na nusu.

Jumamosi, 13 Julai

Kamati imefika saa nne, watu watatu. Siku ya sauna kwa nchi nzima, wageni mlangoni, na mimi sina mvuke wa kuwapa. Marehemu baba angenikana. Nimewapa soseji na viazi vipya. Mwenyekiti wao akatazama rundo langu la kuni kwa hamu, akauliza kama jioni tutaoga. Nikasema tutaoga kwa Tellervo. Maneno hayo yaliniuma kuliko kidole nilichowahi kubana kwenye mlango.

Tumekaa mbele ya skrini mchana kutwa. Jua kali, anga safi. Saa tisa, nusu gramu. Saa kumi na nusu, mstari ukagusa sifuri. Ukapita!

Nimelia. Sioni haya kuandika. Majirani walipaita pale makaburini wakati napanda, na mimi mwenyewe niliamini nusunusu. Leo makaburi yanapumua, na yanavuta ndani. Tellervo alinipa leso yake, akasema, "Umefanya kazi, Urpo. Nasema kweli." Nimeishika mpaka ikalowa yote.

Mnara unabaki! Miaka mitano! Nimesaini karatasi yenye sharti moja: ndani ya mita mia tano kutoka mnarani pasiwe na bomba lolote la moshi linalotumika. Nimesaini bila kusita. Kisha tukavuka kuoga kwenye kile kitu cha umeme. Mvuke ulikuwa mzuri. Sitalirudia hilo popote.

Jumapili, 14 Julai

Ushindi! Nimeamka nikiimba. Nimebomoa bomba la sauna yangu kwa nyundo mchana kweupe, ili Tellervo aone kwa darubini kwamba mimi ni mtu wa kutimiza ahadi.

Halafu nimesoma karatasi tena. Bomba la moshi. Inasema bomba tu! Sauna ya kale ya babu zetu haina bomba: unachoma kuni saa sita mfululizo, moshi unajaa ndani na kutoka wenyewe mlangoni. Ndiyo sauna tamu kuliko zote, na kisheria haipo.

Nimeanza kukata magogo. Itakuwa kubwa, watu kumi wanaenea. Nimeshapima mahali pazuri, mita ishirini kutoka mnarani, ili wageni waweze kutazama skrini wakiwa wanatoka jasho. Mlango utaelekea kwenye misonobari.

Nimempigia Tellervo kumwalika kwenye uzinduzi. Akaanza kukohoa. Yale mafua yake hayajapona.